Tairi Moja Mara Nne

6 Januari

Kwako Shangazi,

Shikamoo naitanguliza, usije ukasema mke wangu mwalimu ameshindwa kunifundisha adabu. Huku kwetu wazima. Mtoto amesimama. Alishika ukingo wa kitanda, akapiga hatua mbili, akaanguka kitako, kisha akajipigia makofi mwenyewe. Mama yake anasema kujisifu kule karithi kwako. Mimi nimenyamaza, maana nikibisha nitaulizwa basi karithi kwa nani. Paka wako yupo, amenenepa, panya wanapita mbele yake kama wageni waalikwa. Goti lako linaendeleaje? Ni mwezi wa saba huu tangu uende mjini kulitibu, na ni goti moja tu, si mawili.

Kilichonifanya nishike kalamu ni matairi ya pikapu. Yote manne yamekuwa vipara. Fundi wa matairi wa hapa barabarani, yule tunayemwita Mhubiri, aliyatazama akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. Tangu siku hiyo hanipi nafasi ya kupumua. Kila nikipita na pampu za maji za watu ninazozitengeneza ananivuta dukani kunionyesha matairi mapana yenye maandishi meupe ubavuni, ananiambia nikifunga hayo mlima wenyewe utanipisha. Nikamwuliza yametengenezwa lini. Akasema tairi ni kama asali, halizeeki. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kutafuta zile namba nne ubavuni, za wiki na mwaka. Nikaziinamia, nikakuta yana miaka sita. Asali hiyo nikamwachia mwenyewe.

Ukweli ni kwamba sijui nichague yapi. Kuna yale ya matope, yenye meno makubwa na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Kuna ya njia zote, nusu ya lami, nusu ya vumbi. Kuna mapana, kuna membamba. Pikapu ni yako, umeiendesha miaka thelathini ukipandisha mabomba na matangi mlimani, mimi nimeirithi nikijua kuiosha tu. Mvua zinaanza mwishoni mwa Aprili. Naomba ushauri.

Barua hii inakuja na dereva wa lori la saruji, ambaye hufika huko kila baada ya wiki mbili. Najua simu huitaki. Mpe yeye majibu.

Mimi mwanao,
Taratibu

19 Januari

Mwanangu Taratibu,

Marahaba, na nyingine ya akiba kwa barua ijayo. Mbusu huyo anayejipigia makofi. Mwambie afanye hivyo hivyo, wengine hawatampigia. Simu kweli siitaki. Watu wakipigiana, nusu saa ni "unanisikia? unanisikia?", na wakishasikilizana kinachobaki ni "haya basi".

Binti yangu, dada yako mshonaji, hajambo, cherehani yake haipoi. Tunakaa ghorofa ya tatu, vidato hamsini na vinne, na hapo chini pana mlango wa chuma unaolia kila mtu akipita, kwa hiyo najua nani katoka na nani kaingia bila kunyanyuka. Mabibi harusi wanakuja hapa kupimwa magauni. Wanazuia pumzi ili waonekane wembamba, kisha wakija kuchukua gauni halifungi, lawama anabeba mshonaji. Mimi nakaa kwenye kiti cha dirishani nikitoa nyuzi. Kazi ya kutoa nyuzi, mwanangu, mimi niliyekuwa natoa giabox peke yangu.

Sasa nisikilize vizuri. Nataka kurudi nyumbani. Dada yako anataka nibaki huku moja kwa moja, amenitengea hata kabati. Nyumba yangu iko juu ya kona ya tisa, unaijua, na mvua ikishaanza njia inafungwa mpaka Julai. Nisipopanda kabla ya hapo nitazoea huku, na mimi sitaki kuzoea. Goti ni zima kabisa. Ukishafunga matairi mapya niletee pikapu, nitakaa kwenye usukani mwenyewe nikupeleke mpaka mlangoni kwangu, ndipo nikukabidhi funguo uondoke.

Kwa hiyo matairi ni ya safari hiyo. Mimi nasema ya matope, yenye meno makubwa, mapengo mapana, ili tope likiingia litemwe. Usinunue mapana, yatagusa madigadi ukikata kona, na tairi pana juu ya tope huelea tu. Yote manne yawe ya aina moja, ukichanganya utaua difu inayogawa nguvu kwa magurudumu. Lakini kabla ya neno la mwisho nataka kuyajua ya zamani yamelika vipi. Tairi kuukuu ndilo linaloeleza gari linaishi maisha gani.

Fanya hivi. Chukua mfuko wa saruji mtupu, ukate vipande vinne, loweka majini mpaka vilegee. Bandika kila kipande juu ya tairi lake, kandamiza kwa vidole gumba karatasi iingie kwenye kila pengo, acha jua likaushe, bandua taratibu kama jina lako. Nitumie vyote vinne.

Shangazi yako

3 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo, hii ichukulie kwenye akiba yako. Mtoto sasa anatembea mpaka mlangoni, akifika anasahau alichokifuata, anarudi. Mke wangu amepewa darasa la pili la wanafunzi sabini na mmoja, anarudi nyumbani sauti imekwisha, na mimi siku hizi nakula kwa amani. Usimwambie nimeandika hivyo.

Ninakutumia karatasi nne kama ulivyoagiza, nimeziweka kati ya mbao mbili zisivunjike. Zamani ulikuwa unabandika karatasi nyeupe juu ya tairi na kusugua kwa mkaa, nikashangaa kusikia mfuko wa saruji. Lakini mkuu akisema, mdogo analoweka.

Halafu, Shangazi, barua yako uliandika ukiwa umepanda nini? Mistari inateremka mteremko mkali, na kwenye ukurasa wa pili sentensi mbili zimelaliana moja juu ya nyingine. Ilibidi mke wangu azitenganishe kwa kalamu nyekundu. Amekupa alama sita kwa kumi, anasema mwandiko umekupunguzia.

Ya mlimani ni mazuri. Pampu inafanya kazi, watu wanapata maji, naenda kuikagua kila wiki kama kawaida. Nasubiri neno lako la mwisho kuhusu meno.

Mwanao,
Taratibu

16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Dada yako anakusalimu. Wiki iliyopita alishona magauni manane ya sherehe moja, yote rangi moja, na mwenye sherehe akabadili rangi. Nimejifunza maneno mapya kutoka kwa dada yako siku hiyo. Mistari inateremka kwa sababu meza ya huku ni mbovu, mguu mmoja mfupi. Mwambie mwalimu wako anirudishie alama zangu.

Sasa tuje kwenye karatasi zako. Taratibu, njia ya mwongo ni fupi, na yako imekufa kabla ya kufika hata kona ya kwanza. Umeniletea tairi moja mara nne. Wewe ni kama mtu anayetaka kuonyesha kundi la mbuzi, akampiga picha mbuzi mmoja mbele, nyuma, kushoto na kulia. Jino la tatu kutoka ukingoni lina mkato mwembamba kama uzi. Baba yako alirusha jembe nyuma ya gari bila kutazama, likaangukia tairi la akiba, nami nikauziba mkato huo kwa gundi nikiwa nimenuna. Mkato huo uko kwenye karatasi zako zote nne, mahali pale pale. Hukujisumbua hata kulizungusha.

Kwa hiyo la akiba nimeliona, ni zuri, halina kazi. Yale manne yanayokanyaga chini hutaki niyaone. Kwa nini? Kama umeyauza sema. Kama umegonga sema. Sitakupiga, mkono haufiki. Jina la Taratibu nilikupa mimi kwa sababu ulichelewa kuzaliwa wiki tatu, na tangu siku hiyo sijawahi kukuona ukikimbia jambo. Sasa unakimbia tairi?

Nitumie ya kweli. Na barua iliyo ya kweli.

Shangazi yako

1 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo kwa kichwa kilichoinama. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mke wangu alicheka mpaka akalia. Alikuwa ameniambia utanikamata, nikamwambia hapana, karatasi ni karatasi.

Hizi hapa ni za kweli, kila tairi na lake. Utaona katikati kumelika na pembeni bado pana meno. Ndiyo, nimeyajaza upepo mwingi wa lami. Ndiyo, hayana makovu ya mawe. Shangazi, pikapu yako haijapanda mlima tangu mwezi wa saba mwaka jana.

Ilikuwa mwezi mmoja baada ya wewe kuondoka, mvua za mwisho. Nilibeba tangi la mwalimu mkuu wa shule ya mlimani, lile kubwa la plastiki. Kona ya saba gari likasimama likizungusha magurudumu, kisha likaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki mpaka chini. Magurudumu yakasimama, gari halikusimama. Liliteleza kinyumenyume nikiwa nimeshika usukani ambao haukuwa na habari na mimi, mpaka gurudumu la nyuma likaegemea jiwe. Nilipofungua mlango, kati ya tairi na korongo palikuwa na upana wa kiganja changu. Tangi lilikata kamba, likashuka likidundadunda, likaingia kwenye bustani ya nyanya ya mwalimu mkuu mwenyewe, ambaye alikuwa kona ya tano akipalilia kabla ya kupanda kulipokea shuleni. Alilipata mapema kuliko alivyotegemea. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Miguu yangu ndiyo haikucheka, na mpaka leo haijacheka.

Tangu hapo naacha pikapu chini, kwa mwoka mikate, naweka sanduku la spana begani na kupanda kona tisa kwa miguu. Vipuri vizito nakodi punda. Watu wanadhani nafanya mazoezi. Mke wangu anajua na amenyamaza, jambo ambalo kwake ni gumu kuliko mlima. Nilitaka matairi makubwa ya kutisha nikidhani moyo nao unauzwa dukani, nikaufunge kwa spana. Ulipoandika kwamba utaendesha mwenyewe, nilifurahi, Shangazi. Nilifurahi kwa aibu, kwa sababu kazi yangu ingekuwa kukuletea gari tu kwenye lami.

Hiyo ndiyo barua ya kweli uliyoitaka. Sasa na mimi nina swali moja.

Nilikwenda kuutafuta ule mkato kwenye tairi la akiba. Niligeuza tairi juani, sikuuona. Mke wangu naye hakuuona. Nikachukua kipande cha karatasi nilichokuwa nimekifanyia majaribio, nikakitazama mpaka macho yakauma, kijivu kitupu. Kisha mtoto akapitisha mkono juu yake, akarudi tena pale pale kama aliyepata kitu. Nikafumba macho nikapitisha kidole, na kweli, pale kwenye jino la tatu, pana uzi ulioinuka. Kwa macho mkato ule hauonekani. Unashikika tu.

Shangazi, wewe uliuonaje?

Mwanao,
Taratibu

22 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Lori limekwenda na kurudi bila barua yako. Nimemwuliza dereva kama aliipoteza, akaniapia kwa watoto wake wote sita. Nilipombana akasema alikukuta ngazini, mkono mmoja ukutani, unahesabu vidato kwa sauti. Anasema hukugeuka, lakini alipokohoa ulimwita jina lake.

Mawingu yameanza kukusanyika asubuhi, yanatawanyika saa sita. Zimebaki wiki tano. Matairi bado sijanunua, naendesha vipara polepole mpaka baiskeli zinanipita zikinisalimu.

Swali langu la mwisho liache kama limekuudhi. Niambie tu kama u mzima. Mtoto amejifunza kusema neno moja, "hapana", na analitumia kwa kila jambo, hata kwa uji anaoutaka. Nikamwambia mama yake, na hilo nalo karithi kwa Shangazi.

Taratibu

30 Machi

Mwanangu Taratibu,

Marahaba. Mimi ni mzima, kasoro macho.

Goti halijawahi kuniuma. Nilisema goti kwa sababu mtu mwenye goti huulizwa lini atapona, lakini dereva mwenye macho mabovu haulizwi kitu, hunyang'anywa funguo. Ni presha ya macho. La kulia limekwisha. La kushoto naona kama mtu anayetazama kupitia kioo cha bafuni kilichojaa mvuke, dirisha nalijua kwa mwanga, mtu namjua kwa umbo. Daktari anasema lililoondoka halirudi, dawa ni za kulinda hicho kilichobaki. Barua zako ananisomea dada yako. Za kwangu naandika mwenyewe nikiweka rula chini ya mstari, na rula ikiteleza ndipo sentensi zinapolaliana. Meza haina kosa, miguu yake yote minne ni sawa.

Siku ya barua yako ile ndefu, dada yako alinisomea habari ya tangi na nyanya tukacheka mpaka bibi harusi aliyekuwa anapimwa akauliza kuna nini. Akaendelea kusoma. Akafika mwishoni akaishusha karatasi. Nikamwambia soma. Akasema, "Mama, anajua."

Nilikasirika wiki tatu. Sikukukasirikia wewe, ingawa ningekuwa karibu ungepata mgao wako. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimepanga, mwanangu, nimepanga kabisa. Ungeleta pikapu, ningeingia, ningeshika usukani, ningehesabu kona kwa kichwa kama ninavyohesabu vidato hivi. Nilidhani mikono inakumbuka. Nilikuwa nataka kwenda nyumbani kiasi cha kukuweka wewe kwenye kiti cha pembeni na kukudanganya mpaka korongoni. Ulipoeleza ule upana wa kiganja ndipo nilipojiona. Nisamehe.

Karatasi zako za kweli nimezishika. Dereva wa matairi haya ni mwangalifu, hakati kona kwa pupa, magurudumu yake yamenyooka, yamelika sawa kushoto na kulia. Tatizo lako siku ile lilikuwa upepo mwingi na breki. Gari likirudi nyuma mlimani usikanyage breki mpaka chini, gurudumu lililofungwa halisikii usukani. Tia gia ya nyuma, acha injini ilishike, liongoze litakakosimama. Nilipaswa kukufundisha hilo zamani. Nilikuwa napenda mno kuendesha mwenyewe.

Na matairi chagua wewe. Nimekuwa nikikuchagulia ya njia ambayo mara ya mwisho niliiona vizuri miaka miwili iliyopita.

Sikuombi unipandishe. Nakwambia tu kwamba siwezi kujipandisha.

Shangazi yako

12 Aprili

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Barua yako tuliisoma wote, mwalimu akasoma kwa sauti iliyobaki. Amekurudishia alama zote nne, anasema sasa una kumi kwa kumi na akisikia mtu anacheka mwandiko wako atamweka kona. Mimi nilitoka nje nikakagua injini ambayo haikuwa na tatizo.

Kisha nikakaa chini nikafikiri kuhusu matairi kama mtu mzima. Njia ya mlimani si ile uliyoiacha. Kona tano za kwanza zimemwagwa changarawe, tope limebaki kuanzia ya sita kwenda juu. Na safari zangu nyingi ni za lami, nabeba pampu kutoka mtaa hadi mtaa. Yale ya matope ungeyasikia yakilia barabarani tangu huko ghorofani, na meno yake lami ingeyamaliza mapema. Kwa hiyo, Shangazi, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimechukua ya njia zote. Membamba, si mapana, yapenye tope yatafute ardhi ngumu. Ubavu mnene kwa ajili ya mawe. Namba zake nne ni za mwaka huu, nimezisoma mara tatu. Nimenunua kwa muuzaji wa njia panda, lakini nimempelekea Mhubiri ayafunge. Ameyafunga bila kunisemesha, ila niliona anayapapasa.

Juzi yalinyesha manyunyu ya kwanza. Jana asubuhi nikasema leo. Mke wangu akamwacha mtoto kwa jirani, akapanda pembeni yangu na mzigo wa madaftari, akasema ana kazi ya kusahihisha, mimi niendelee na yangu. Kwa mwoka mikate nikapunguza upepo. Kona tano nilizipanda nikiimba. Ya sita niliacha kuimba. Kona ya saba, pale pale, gari likasimama likaanza kuteleza.

Nitakwambia ukweli, mguu wangu ulikwenda kwenye breki wenyewe. Niliurudisha. Nikatia gia ya nyuma, injini ikaguna, gari likashuka hatua kwa hatua kama mzee anayeshuka ngazi, likasimama nilipotaka lisimame. Nikavuta breki ya mkono. Mke wangu hakuinua kichwa. Akasema, "Gari lipo, linakusubiri wewe." Nikapunguza upepo kidogo tena, nikaweka gia ya nguvu, nikafuata ukingo wa kushoto wa njia palipo na majani, nikapanda. Sikuharakisha, sikusita. Ya saba ikapita, ya nane na ya tisa zikapita. Baadaye niliona kwamba mwalimu kampa mwanafunzi mmoja alama mia kwenye ukurasa mtupu.

Nilizima gari mlangoni kwako, nikaegemea usukani nikalia, Shangazi. Sioni haya kuandika. Nyumba ni nzima. Kufuli lilikuwa gumu, nimelipaka mafuta. Tumefungua madirisha, tumefagia, tumetoa kiota cha ndege ndani ya sufuria yako kubwa. Nimefunga kamba kutoka mlango wa jikoni mpaka bombani, na nyingine mpaka chooni, usawa wa kiuno chako, nimezipima kwa mke wangu kwa sababu mnalingana. Yule mjane, jirani yako, anasema atakuja kila siku kunywa chai na kukusomea barua, na kwamba una habari zake za miezi kumi hujazisikia.

Wewe hukuniomba. Basi mimi naomba. Mvua haijachanganya bado, zimebaki siku kumi na kitu. Niruhusu nije Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, nikupandishe nyumbani kwako.

Mwanao,
Taratibu

18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Zigawe huko nyumbani, ya kwanza mpe mwalimu.

Dada yako aliisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sababu ya kwanza hatukumaliza, tulikuwa tunalia kwa zamu na bibi harusi wa leo akajiunga bila kujua kisa. Nilidhani dada yako atanizuia. Alipofika kwenye habari ya kamba ya kutoka jikoni mpaka bombani aliweka barua chini, akaenda kufungua lile kabati alilonitengea, akaanza kutoa nguo zangu. Amesema nitakwenda na mfuko wa dawa wa miezi mitatu, na kwamba wewe utanirudisha kwa daktari kila mvua ikikatika, na kwamba nikikosa dozi hata moja atapanda huo mlima kwa miguu na mkasi mkononi. Nimekubali masharti yote. Ningekubali hata mengine.

Matairi hayo sijayapenda. Membamba, ya njia zote, tena bila kuniuliza. Nilimwambia dada yako, huyu mtoto ana kichwa kigumu. Kisha nilikaa dirishani siku nzima nikikupandisha kona moja moja kichwani mwangu, na kila nilipofika ya saba sikupata namna ambayo ningeifanya vizuri kuliko ulivyoifanya. Kwa hiyo nimenyamaza. Jivunie, si wengi walioninyamazisha.

Njoo tarehe ishirini na sita. Nitakuwa chini, nje ya mlango wa chuma, tangu asubuhi. Vidato nitashuka mwenyewe.

Lakini kuna jambo linanitia wasiwasi, na nikikwambia usicheke. Pikapu ile nimekuwa nayo miaka thelathini, najua kila nati yake, ila kile kiti cha abiria sijawahi kukikalia hata siku moja. Jana nilikuwa najaribu kukumbuka ule mlango unafunguliwaje kwa ndani, mkono unashika wapi, nikagundua kwamba sijui. Itabidi unionyeshe.

Shangazi yako